Mgonjwa Hajasusa

Nyumba nyingi zenye mgonjwa wa saratani aliyeanza kemo zina ugomvi mmoja usioandikwa kwenye cheti chochote cha hospitali: ugomvi wa sahani. Jogoo kachinjwa, mchuzi umeungwa, ugali umesongwa laini kwa ajili yake. Mgonjwa anamega tonge moja, anakunja uso, anaisogeza sahani pembeni. Anasema nyama ina ladha ya chuma. Aliyepika ameonja mwenyewe na haoni kasoro. Basi maneno yanaanza: unadeka, unajiachia, unataka kutuachia watoto. Siku ya tatu mgonjwa anajifunza ujanja. Anamega, anampa mjukuu kwa siri, anasema nimeshiba.

Mgonjwa huyo hajasusa. Ulimi wake umeharibika kweli, na uharibifu huo una sababu zinazojulikana, una siku zake za kuzidi na kupungua, na sehemu kubwa yake inatibika au inakwepeka. Nitakwenda mbele zaidi nidai kwamba jiko la mahali kama Kintinku lina silaha nyingi za kupambana na tatizo hili kuliko karatasi za ushauri zilizotungwa Ulaya, zinazomwambia mgonjwa ale aiskrimu na abadilishe uma wa chuma kwa uma wa plastiki. Watu wengi wa Kintinku hula kwa mkono; shauri la uma limekwisha kabla halijaanza.

Kintinku ni mji mdogo wa Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, katika Ugogo wa magharibi. Reli ya Kati inapita hapo, na barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida pia. Ukiupanda ukuta unafika Kilimatinde, yenye hospitali ya Kanisa Anglikana. Ukienda mashariki, safari isiyofika kilomita 100, upo Dodoma, kwenye Hospitali ya Benjamin Mkapa inayotoa kemo. Wanaohitaji mionzi kwa miaka mingi wameelekezwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikadiria kwamba mwaka 2020 Tanzania ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 40,000, na saratani ya mlango wa kizazi ndiyo iliyoongoza kwa wanawake. Wagonjwa wengi hawalazwi muda mrefu. Hufika, hutundikiwa dripu, hurudi nyumbani kesho yake. Yaani dawa inaingia mwilini Dodoma, lakini kazi yake, nzuri na mbaya, inafanyika Kintinku, mbele ya mama mkwe, mtoto wa dada na jirani aliyekuja kusalimia. Hospitali inamwona mgonjwa siku moja; siku ishirini zinazofuata ni za jiko.

Dawa nyingi za kemo huwinda seli zinazogawanyika haraka. Za saratani ni hivyo. Lakini pia za mizizi ya nywele, za utando wa kinywa na utumbo, na za vile vinundu vya ulimi vinavyoonja. Vinundu hivyo hujifanya upya kila siku kumi hivi, na dawa ikiingia, seli kuukuu hufa kwa ratiba yake ilhali mbadala hazifiki kwa wakati. Pua nayo huguswa, na sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ya chakula kwa kweli ni harufu. Mate hupungua, na kitu kisichoyeyuka kwenye mate ulimi hauwezi kukionja. Halafu kuna dawa zinazopita zenyewe kwenye damu na mate, mgonjwa akazionja dripu ikiwa bado inadondoka. Cisplatini na kaboplatini, zenye madini ya platinamu ndani yake, ni maarufu kwa ladha ya chuma. Siklofosfamidi, doksorubisini ile nyekundu, paklitakseli na faivu-efu-yu nazo zimo. Matokeo hayafanani. Mmoja huona kila kitu kina chumvi nyingi, mwingine sukari inamkinaisha, wa tatu haonji chochote, kama anatafuna karatasi. Nyama nyekundu ndiyo hulalamikiwa zaidi, kwa uchungu na uchuma. Kwa hiyo orodha ya vyakula vinavyomfaa kila mgonjwa haipo, na anayekuuzia anakuuzia karatasi.

Kalenda ipo, hata hivyo, na inashangaza jinsi inavyoelezwa kwa nadra. Kemo nyingi hutolewa kila baada ya siku 21. Siku mbaya kwa wengi huanza ya pili au ya tatu na kuendelea hadi ya tano, pengine ya saba. Kisha hamu hurudi kwa kunyemelea, na wiki ya tatu mgonjwa anaweza kula karibu kama zamani, hadi dripu inayofuata. Familia isiyojua hili hupoteza nguvu na fedha mahali pabaya: kuku anachinjwa siku ya tatu, wakati hata harufu ya vitunguu inamtapisha, na siku ya kumi na saba, wakati angemla na kulamba vidole, amekwisha. Mwenye akiba ndogo ana sababu kubwa zaidi ya kuihesabu kalenda hii. Siku mbaya zipewe uji, maji, vitu vya kulamba. Wiki ya tatu ndiyo ya mayai, maharage, samaki, kuku. Matibabu yakiisha kabisa, ladha huchukua wiki kadhaa hadi miezi michache kurudi. Aliyepigwa mionzi ya kichwa na shingo husubiri zaidi.

Kabla ya kuendelea na chakula, tochi. Si kila anayekataa kula anakataa kwa sababu ya dawa ya kemo yenyewe, na hili ndilo kosa ninaloliona limezagaa kuliko yote, la kuitupia kemo kila lawama na kuvumilia. Mwambie mgonjwa afungue kinywa kwenye mwanga. Utando mweupe kama maziwa yaliyoganda kwenye ulimi na mashavu, unaoacha wekundu ukipanguswa, ni fangasi, na hubadilisha ladha ya kila kitu. Unatibiwa kwa nistatini au flukonazoli, dawa za kawaida ambazo mganga wa kituo cha afya anazijua vizuri. Vidonda vya kinywa navyo huonekana kwa macho. Halafu uliza choo. Vinkristini, dawa inayotumika kwa uvimbe wa Burkitt, kwa saratani nyingine za damu na kwa saratani ya Kaposi, hulegeza utumbo, na mtu asiyepata choo siku nne hawezi kutamani ugali hata ungekuwa wa dhahabu. Dawa hii ina historia katika eneo letu: Denis Burkitt alieleza uvimbe uliopewa jina lake akiwa Kampala, mwaka 1958, na Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanza 1967 ilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo duniani kuonyesha kwamba dawa peke yake, bila kisu, zinaweza kuponya saratani ya watoto. Vinkristini yenyewe hutokana na lile ua la rangi ya waridi au jeupe linalopandwa kwenye nyua nyingi Afrika Mashariki, asili yake Madagaska. Asije mtu akalichemsha akamnywesha mgonjwa kama chai. Ni sumu, na kipimo chake hospitalini huhesabiwa kwa miligramu.

Maumivu, huzuni, kichefuchefu kisichodhibitiwa, mofini bila dawa ya kulainisha choo: vyote huua hamu ya kula, na kila kimoja kina dawa yake. Lakini dawa hazitolewi kwa malalamiko yasiyosemwa. Wagonjwa wetu, hasa akina mama wa makamo, wakiulizwa na daktari hali yako vipi hujibu salama, nashukuru. Heshima hiyo inawagharimu.

Sasa kuna jambo la ajabu kidogo kuhusu ubongo. Mwaka 1978 mtafiti Ilene Bernstein, mjini Seattle, Marekani, alichapisha jaribio alilofanya kwa watoto wenye saratani. Baadhi walipewa aiskrimu ya ladha isiyo ya kawaida muda mfupi kabla ya kemo. Baadaye, walipoletewa tena, waliikataa kuliko wenzao ambao hawakuila kabla ya dawa. Aiskrimu yenyewe haikuwaumiza, lakini ubongo wa kale, ule unaotulinda tusile uyoga wenye sumu mara mbili, hausikilizi maelezo. Unaunganisha chakula cha mwisho na kichefuchefu kilichofuata, na hukumu imepita. Miaka kadhaa baadaye utafiti wake mwingine ulionyesha kwamba mtoto akipewa peremende yenye ladha kali kati ya chakula na dawa, chuki huiangukia peremende, na chakula kinasalimika.

Tazama sasa desturi yetu. Mgonjwa anaamka alfajiri kuwahi basi la Dodoma, na kwa mapenzi anapikiwa anachokipenda kuliko vyote: wali na kuku, au chapati na maharage ya nazi, kingine kinafungwa kwenye hotipoti aende nacho. Tunakichukua chakula anachokipenda tunakiweka mahali kitakapouawa. Siku ya dripu ale kitu kisicho na thamani moyoni mwake: kipande cha mkate, uji mwepesi, kiazi cha kuchemsha. Mfukoni awe na pipi ya tangawizi au ya mnanaa anyonye njiani na wakati dawa inaingia. Chuki ikiangukia pipi, hakuna aliyepata hasara.

Na jiko. Ugogo umezoea vitu vitatu ambavyo mgonjwa wa kemo anavihitaji: uchachu, utelezi na uji.

Uchachu unatoka kwenye mibuyu na mikwaju, miti ambayo nchi kavu hii haikosi. Ladha chachu huita mate na kufunika ile ya chuma, ndiyo maana hospitali za ng'ambo hugawa pipi za limau. Hapa kuna unga wa ubuyu uliokorogwa kwenye maji yaliyochemshwa, sukari kidogo, ukaachwa upoe. Kuna juisi ya ukwaju. Na kuna zile barafu za ubuyu ambazo watoto huuziwa kwenye nyumba zenye friji, vifuko vyembamba vya kung'ata ncha na kunyonya. Baridi hupunguza harufu, hutuliza kinywa, na mgonjwa aliyeshindwa glasi ya maji huimaliza barafu bila kusukumwa. Zitengenezwe nyumbani kwa maji yaliyochemka, kwa sababu nitakayoisema. Maji ya visima vingi vya bonde hili yana chumvichumvi, na ulimi ulioharibika huikuza chumvi hiyo mara nyingi, lakini ukwaju unaificha. Tahadhari ni mbili. Kinywa chenye vidonda hakitaki kitu chachu kabisa. Na anayepewa oksaliplatini, dawa ya saratani za utumbo mpana na tumbo, asiguse kitu cha baridi siku za mwanzo baada ya dripu, maana baridi humkaba koo na kumchoma vidole. Kinyume chake, anayesukumiwa faivu-efu-yu kwa sindano huambiwa atafune barafu kwa nusu saa wakati dawa inaingia, mishipa ya kinywa isinyae na dawa kidogo ifike huko, vidonda hupungua. Dawa mbili, mara nyingi kwa mgonjwa yuleyule wa utumbo, na amri zinazopingana. Ulizeni jina la dawa, mliandike.

Utelezi ni mlenda. Mgeni anaweza kuucheka, lakini kwa kinywa kikavu hakuna mboga inayoshindana nao. Ugali mkavu unakwama kooni. Ukichovywa kwenye mlenda unashuka wenyewe. Peke yake mlenda ni mboga ya majani, hauna nguvu nyingi; ukitiwa karanga zilizotwangwa unakuwa mlo. Magadi yapunguzwe, kwa sababu uchungu wake sasa ni mkubwa kwa mlaji kuliko kwa mpishi. Vivyo hivyo mtama mwekundu una ukakasi wa asili ambao ulimi wa kemo hauusamehi. Mtama mweupe ni afadhali, na wali wa mpunga wa Bahi, uliopikwa bokoboko, ni afadhali zaidi.

Kuhusu uji nitakaa kidogo, maana hapa Tanzania ina jambo la kufundisha. Tatizo la uji ni hesabu. Ukiupika mzito wenye unga wa kutosha, mgonjwa anashindwa kuumeza. Ukiupika mwepesi, anakunywa maji yenye rangi. Miaka ya 1980 mwanzoni wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walikuwa na tatizo hilohilo kwa watoto wachanga walioachishwa ziwa, na A. C. Mosha na mwenzake Ulf Svanberg wa Sweden wakaonyesha mwaka 1983 kwamba kimea, unga wa nafaka iliyooteshwa, ile ile wapika pombe na togwa wanayoijua tangu enzi, unavunja uzito wa uji bila kupunguza unga wake. Utaratibu ni huu. Pika uji mzito kabisa, karibu wa kusimamisha mwiko. Epua, uache upoe mpaka uweze kuuonja bila kuungua, kwa sababu moto mkali huua nguvu ya kimea. Tia kijiko kimoja cha kimea cha ulezi kwa kila bakuli, koroga. Mwanzo hakuna kinachotokea. Baada ya dakika chache mwiko unaanza kuteleza, kisha uji unalegea mbele ya macho hadi unaweza kumiminwa kwenye kikombe, na unapata utamu wake wenyewe bila sukari. Urudishe motoni uchemke kidogo kuua vijidudu. Kikombe hicho kina unga mara mbili au tatu ya uji wa kawaida. Tumia ulezi, kwa sababu mtama ukiota hutengeneza sumu kwenye chipukizi na mizizi, na usipopukuchuliwa vizuri ukaondolewa vyote ni hatari.

Katika kikombe hicho ongeza. Singida ni mkoa wa alizeti: kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kilokalori kama 120 na hakina ladha ya kumkera mtu. Kijiko cha karanga zilizosagwa. Maziwa yaliyochemshwa. Asali ya Manyoni, akiweza utamu. Wataalamu wa lishe ya saratani hukadiria kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na protini gramu moja hadi moja na nusu. Mama wa kilo 50 anahitaji basi kilokalori 1,250 hadi 1,500 na protini gramu 50 hadi 75. Yai moja lina protini kama gramu sita. Gramu 100 za karanga zina kama 25. Hesabu haitishi, ilimradi ilipwe kwa awamu, vikombe vidogo sita au saba kutwa, na wala si sahani tatu za kutazamiwa. Nyama ikikataliwa, isibembelezwe. Yai, perege, maharage, kuku aliyelazwa kwenye ndimu au ukwaju hufanya kazi ileile. Na mgonjwa asikae karibu na jiko wakati wa kuunga. Hapo nyumba za kijijini, zenye jiko mbali na chumba cha kulala, zimeshinda fleti za Dar es Salaam.

Wanaoharibu kazi yote hii mara nyingi wana nia njema. Kuna fundisho limeenea mitaani na kwenye simu kwamba sukari hulisha saratani, hivyo mgonjwa asipewe sukari, wengine wanaongeza kwenye marufuku hiyo nyama, maziwa, mayai, hadi anabakiwa na mchicha na maji ya stafeli. Ni kweli seli za saratani hutumia sukari, kama seli zote. Lakini kuinyima midomo hakuinyimi saratani kitu. Mwili ukikosa sukari hula misuli yake na kutengeneza sukari hiyo. Anayekonda ni mgonjwa. Anayehitaji kupimwa sukari ni yule mwenye kisukari, au anayepewa deksamethasoni pamoja na kemo, kwani dawa hiyo hupandisha sukari. Huyo aulize kliniki. Upande wa pili kuna ushauri wa serikali wenyewe. Mwongozo wa ulaji wa Tanzania Bara wa mwaka 2023 unasema sukari, chumvi na mafuta vipunguzwe, na ni sahihi kwa waliokusudiwa, yaani watu wenye afya. Mama wa kilo 45 anayepungua kila mwezi hayumo humo. Kila halmashauri ina afisa lishe, na nguvu yake kubwa, kwa haki, imeelekezwa kwenye udumavu wa watoto. Mtu mzima anayekonda kwa saratani hana foleni yake.

Sababu ya maji kuchemshwa ni hii. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dripu, chembe nyeupe za damu hushuka, na mdudu ambaye wengine wangemshinda kwa kuharisha mara moja anaweza kumuua mgonjwa. Maziwa ya mgando yanampendeza kwa uchachu wake, lakini yawe yametokana na maziwa yaliyochemshwa kwanza. Kiporo kilichokaa usiku kucha, saladi ya barabarani, barafu isiyojulikana maji yake, viachwe. Mswaki wa mti unaochubua fizi upumzike, atumie mswaki laini, na asukutue mara nne au tano kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yenye kijiko cha chai cha chumvi na kimoja cha soda ya kuokea kwa lita. Akisukutua kabla ya kula, ladha ya chuma hupungua kwa muda. Joto la mwili likifika nyuzi 38, safari ya hospitali inaanza saa hiyohiyo, hata usiku. Panadol ya kusubiria asubuhi imezika watu.

Dukani kuna vidonge vya hamu ya kula. Siproheptadini inauzwa kwa wasichana wanaotaka kunenepa, na ndugu wa mgonjwa huinunua pia. Kwa wagonjwa wa saratani imepimwa, hamu iliongezeka kidogo, uzito haukuongezeka. Vidonge vya zinki vilitia watu matumaini, lakini majaribio makubwa hayakuyathibitisha. Dawa iliyofanya vizuri inashangaza: olanzapini, ya wagonjwa wa akili. Ilishaonyeshwa mwaka 2016 kwamba inazuia kichefuchefu cha kemo. Kisha mwaka 2023 madaktari wa Puducherry, India, waliripoti wagonjwa wa saratani za tumbo, ini na mapafu waliopewa miligramu 2.5 tu kila siku pamoja na kemo kwa wiki 12: asilimia 60 waliongezeka uzito kwa zaidi ya asilimia 5, dhidi ya asilimia 9 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Si ghali. Husinzisha, kwa hiyo hunywewa usiku, na huandikwa na daktari. Lakini ndugu wanapaswa kuelezwa mapema, la sivyo wakisoma kikaratasi watasema mgonjwa wetu hajachanganyikiwa, na kidonge kitatupwa.

Kuna mambo ambayo jiko haliwezi. Ugogo una mvua za msimu mmoja, na miezi ya kabla ya mavuno ghala huwa tupu. Nchi hii ilipita katika njaa kubwa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920, na njaa zilizopewa majina hukumbukwa vizazi. Nadhani hapo ndipo ukali wa ugomvi wa sahani unapotoka: mahali ambapo wazee walitembea siku kadhaa kutafuta debe la nafaka, kukataa chakula kilichopo kunaonekana kama tusi kwa waliokufa. Mpishi anayekasirika ana historia nyuma yake, na kumwambia tu awe mpole hakutoshi. Aambiwe nini kinatokea kwenye ulimi.

Mizani ingesaidia kuliko mahubiri. Kupungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi sita, yaani kilo mbili na nusu kwa mtu wa kilo 50, ni dalili ambayo madaktari wa saratani huichukulia kwa uzito, na dozi ya kemo yenyewe hukokotolewa kwa uzito na urefu. Kituo cha afya kina mizani. Mgonjwa akipimwa kila wiki kati ya dripu na dripu, na namba zikaandikwa pamoja na siku alizoshindwa kula, daktari wa Dodoma atakuwa na kitu cha kusoma badala ya kusikia salama, nashukuru.

Na kuna hatua ambapo saratani yenyewe, siyo kemo, ndiyo inayoukausha mwili. Hapo mgonjwa hukonda hata akila, kwa kuwa ugonjwa umebadilisha namna mwili unavyotumia chakula, na kulazimisha matonge huleta kutapika, kupaliwa na machozi. Familia haiwezi kulitambua hili peke yake. Lazima imuulize daktari waziwazi kama kinachomzuia kula ni dawa itakayopita au ugonjwa ulioendelea. Likiwa la kwanza, kalenda, uji wa kimea na tochi vinaendelea. Likiwa la pili, apewe anachoomba, kiasi anachoomba, midomo ipakwe mafuta isipasuke, kinywa kilowanishwe kwa kitambaa safi, na daktari aulizwe dawa za maumivu na ni nani mwenye huduma ya tiba shufaa aliye karibu.